Bunduki ya Bolti kwa Mnyama Mkubwa: Kuipata, Kuikagua na Kuiweka Sawa

Bunduki iliyonifundisha somo hili ilikuwa mpya, nzuri, ya bei ya kununulia shamba. Mwenyewe alinionyesha karatasi yake ya shabaha: matundu matatu yamegusana, mita 100. Kabla hatujatoka kambini nikamwomba apige risasi tatu za haraka bila kuishusha begani. Ya kwanza ilitoka. Ya pili ikasimama kiguu upande mlangoni mwa chemba, kile chumba cha risasi nyuma ya mtutu, na bolti, kile chuma kinachovutwa kwa mkono kuingiza na kutoa risasi, ikagoma kwenda mbele, ikagoma kurudi nyuma. Tulikaa dakika nzima tukiichokoa kwa kisu, mbele yetu pakiwa na boksi la karatasi. Siku tatu baadaye angesimama mbele ya nyati.

Tangu siku hiyo kila bunduki inayopita mikononi mwangu naifuata kwa mpangilio mmoja. Kwanza imeze na kutema risasi bila kukosa. Pili imkae mwenyewe mwilini. Tatu ndiyo tuangalie inapiga wapi. Watu wengi huanza na la tatu, wakaishia hapo.

Mwongozo huu ni wa Tanzania, ambako uwindaji wa wanyama wakubwa kwa kibali bado upo kisheria. Kenya iliufunga mwaka 1977, kwa hiyo msomaji wa huko asome kwa kujua tu.

Hatua ya 1: Karatasi kabla ya chuma

Usianzie dukani. Silaha za kiraia ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ombi lako linaanzia serikali ya mtaa au kijiji unapoishi, linapanda polisi wilayani, linapita kwenye vyombo vya usalama, na wewe mwenyewe unachunguzwa. Maliza hilo kwanza, ndipo uzungumze bei na mtu. Nimeona watu wametoa arubuni ya bunduki wasiyoweza kuichukua, fedha zikalala mwaka mzima.

Bunduki ya mkononi mwa mtu hainunuliwi kwa kupeana mikono. Umiliki unahamishwa polisi, namba iliyogongwa kwenye chuma inalinganishwa na ya kwenye kitabu, herufi kwa herufi. Vivyo hivyo bunduki ya marehemu: watoto hawairithi kama wanavyorithi jembe. Ipelekeni polisi, mwenye nia ya kuimiliki aombe kwa jina lake.

Na kumbuka kuwa leseni ya silaha na kibali cha kuwinda ni vitu viwili. Kibali kinatoka upande wa wanyamapori, chini ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kinataja mnyama, idadi na eneo. Mwenye bunduki halali akiwinda bila kibali ni jangili sawa na mwenye gobore.

Nunua pia kabati la chuma lenye kufuli kabla bunduki haijafika nyumbani. Risasi zikae kwenye kufuli jingine.

Hatua ya 2: Chagua risasi, kisha utafute bunduki yake

Kwa nyati, tembo na kiboko, kaliba (kipenyo cha risasi, kwa inchi) ya chini inayokubalika ni .375. Hapo ndipo pa kuanzia, na kwa watu wengi hapo ndipo pa kuishia.

.375 H&H Magnum ilitolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, na mpaka leo sijaona risasi moja inayofanya kazi nyingi kuizidi. Kichwa chake, kile kipande kinachoruka, ni cha greni 300, yaani takriban gramu 19.4, na kinatoka mdomoni mwa mtutu kwa mwendo unaokaribia mita 770 kwa sekunde. Kinamwangusha pofu, yule swala mkubwa, umbali wa mita 200 na kinapenya bega la nyati akiwa mita 50. Ganda lake ni refu na limechongoka kama karoti, na umbo hilo ndilo linalofanya liteleze kuingia na kutoka chemba hata kwenye joto kali. Teke lake ni kama mara mbili ya .30-06, risasi ya kawaida ya kuwindia. Mtu mzima mwenye mazoezi analivumilia.

.416 Rigby ya mwaka 1911 inatupa greni 400 kwa karibu mita 730 kwa sekunde. Ganda lake ni kubwa makusudi: baruti za wakati ule zilipandisha shinikizo kwenye joto la Afrika na India, maganda yakanasa, ndipo wakalipa nafasi ya kupumua. Ni risasi ya kuaminika sana, ila bunduki yake ni pana, nzito, na risasi ni ghali. .458 Winchester Magnum ilikuja 1956, greni 500, katika ganda fupi linaloingia kwenye mtambo wa urefu wa .30-06. Ni nzuri kwa karibu. Kwa mbali inashuka upesi.

Hapa lazima atajwe W.D.M. Bell, maana kila kijiwe cha wawindaji kina mtu wa kumtaja. Bell aliwinda tembo Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya ishirini, na wengi wao aliwaangusha kwa 7x57 (ya kipenyo cha milimita 7), risasi ndogo kuliko zote nilizozitaja. Ni kweli. Kweli pia ni kwamba alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi kutoka kila upande, na alifyatua bunduki tupu kwa mazoezi siku nenda siku rudi. Anayetaka kumwiga Bell aanze na msumeno na mazoezi. Kuhusu kaliba, sheria imeshamaliza ubishi.

Ushauri wangu kwa bunduki ya kwanza: .375 H&H, kilo 4 hadi 4.5 ikiwa na darubini, mtutu wa sentimita 60 hivi. Bunduki nyepesi inapendeza dukani na saa ya kwanza ya kufuata nyayo. Ikifika saa ya kupiga, inakulipa begani.

Hatua ya 3: Ujue ukucha

Mitambo ya bolti imegawanyika makundi mawili, na tofauti yake utaiona kwa macho ukivuta bolti nyuma ukaitazama kwa upande.

Kundi la kwanza lina ukucha mrefu wa chuma ulioambaa ubavuni mwa bolti. Huu ni mtindo wa Mauser wa mwaka 1898. Risasi inapopanda kutoka magazini, kitako chake kinateleza chini ya ukucha, unakishika papo hapo, kabla risasi haijaingia chemba. Kuanzia hapo risasi ni ya bolti: ukisukuma inakwenda, ukivuta inarudi, hata bunduki ikiwa kichwa chini.

Kundi la pili linaisukuma tu risasi mbele kama mtu anayesukuma tenga, na ndoano ndogo inaishika pale bolti inapofungwa. Remington 700, iliyotoka 1962, ni ya kundi hili. Ni bunduki sahihi sana kwenye shabaha. Shida inakuja mtu akiwa na hofu: anasukuma bolti nusu, anairudisha, risasi ya kwanza inabaki imelala chemba, ya pili inapanda nyuma yake, na mbili zinagombania mlango mmoja. Kwa swalapala hilo ni kero. Kwa mbogo aliyejeruhiwa ni msiba.

Kwa hiyo nachagua ukucha. Mauser 98 na wajukuu wake, Brno ZKK 602 na mrithi wake CZ 550 Magnum, Ruger M77 za aina ya Hawkeye, na Winchester Model 70. Hiyo ya mwisho ina historia ya kuangalia: ilianza 1936 ikiwa na ukucha, mwaka 1964 kiwanda kikauondoa, na miaka ya 1990 ukarudi. Ukipewa Model 70 ya mkononi mwa mtu, usiulize umri wake, fungua bolti uangalie. CZ 550 imeachwa kutengenezwa, lakini zilizopo ni nyingi na kazi bado zinapiga.

Onyo moja kuhusu ukucha wa Mauser wa asili: usitumbukize risasi moja kwa moja chemba ukaifungia bolti. Ukucha haukuchongwa kuruka juu ya ukingo wa kitako cha ganda, unaweza kukatika. Risasi zote zipite magazini.

Hatua ya 4: Kukagua iliyotumika

Bunduki nyingi nzuri za kaliba kubwa hapa kwetu ni kuukuu. Nenda na tochi, kitambaa cheupe, fimbo ya kusafishia, na ikiwezekana fundi bunduki mwenye leseni. Hakikisha kwanza haina risasi, wewe mwenyewe, kwa jicho na kwa kidole.

Toa bolti, tazama ndani ya mtutu kutokea nyuma. Mifuo iliyochongwa ndani ionekane mikali na ing'ae kama mstari wa maji. Bunduki za Kiingereza za zamani zilipigishwa risasi za fataki (kiwashio cha baruti) zenye chumvi, na mwenyewe asipoosha siku hiyo hiyo, mtutu uliliwa. Utaona vishimo kama vya ndui. Vichache karibu na chemba nisingevikimbia. Vikienea urefu wote, rudisha. Kisha mdomo wa mtutu: pitisha kijiti cha pamba kwenye ukingo wa ndani. Pamba ikinasa nyuzi mahali, ukingo umegongwa, na risasi zitakwenda upande. Hilo fundi analirekebisha kwa gharama ndogo.

Fungua skrubu mbili za chini, inua chuma kutoka kwenye mti, yaani sehemu ya mbao. Hapa ndipo siri zinapolala. Angalia nyuma kabisa, mkia wa chuma unapoingia kwenye mti, na angalia ukuta mwembamba wa mti kati ya magazini na kifyatulio. Teke la kaliba kubwa linapasua hapo kwanza, nyufa nyembamba kama unywele zinazofunikwa vizuri na vanishi. Sugua mafuta kidogo, subiri, pangusa. Ufa utabaki mstari mweusi.

Mwisho, kaliba iliyogongwa kwenye mtutu isiaminiwe peke yake. Chemba za bunduki kuukuu zimewahi kutanuliwa ili zimeze risasi nyingine. Omba ganda lililopigwa na bunduki hiyo hiyo, ulilaze karibu na ganda jipya la kaliba unayoambiwa. Mabega yasipofanana, mnunuzi si wewe.

Hatua ya 5: Ifundishe kumeza

Hii ndiyo hatua ninayokaa nayo muda mrefu kuliko zote. Tafuta risasi bandia tano, zisizo na baruti wala fataki, zenye urefu na umbo la kichwa sawa na risasi utakazowindia. Umbo ni muhimu: bunduki inaweza kumeza kichwa cha mviringo mwaka mzima, ikagoma kichwa bapa siku moja.

Jaza magazini. Sukuma bolti polepole kabisa, kwa vidole viwili, huku unatazama. Kitako cha risasi kinapanda, kinaingia chini ya ukucha, pua inapanda mteremko, inaingia. Ukihisi kigugumizi, simama hapo hapo, weka alama kwa kalamu ya wino mahali panapogusa. Sasa fanya kwa kasi, kwa nguvu, kama umekasirika. Kisha bunduki ikiwa ubavu, kisha ikiwa kichwa chini. Halafu jaribu hofu: sukuma risasi mpaka iruke kutoka magazini, usifunge, rudisha bolti nyuma yote. Risasi lazima ikamatwe na itupwe nje. Ikibaki imelala ndani, ukucha haushiki, na bunduki hiyo haijawa tayari.

Nataka mizunguko mia bila kosa. Mia, si tisini na tisa. Kosa likitokea, tafuta sababu kabla ya kuchukua tupa. Mara nyingi ni uchafu, springi ya magazini iliyochoka, au kibao kinachoinua risasi kilichopinda. Midomo ya magazini na mteremko wa chemba vinaweza kung'arishwa kwa karatasi laini sana ya msasa iliyofungwa kwenye kijiti, lakini kung'arisha tu. Chuma ukishakikata hakirudi, na midomo ya magazini ikipunguzwa risasi zinaruka ovyo. Kigugumizi kisichoisha kwa kung'arisha ni kazi ya fundi.

Sasa mambo mawili yanayoonekana tu risasi za kweli zikipigwa. La kwanza, mfuniko wa chini wa magazini. Kitasa chake kikiwa dhaifu, teke linaufungua na risasi zako zote zinamwagika miguuni. Imenitokea uwanjani: nilisikia kitu kimeanguka kwenye mchanga, nikadhani ni ganda, kumbe nilikuwa nimebaki na bunduki tupu. Nilibadilisha springi ya kitasa na tangu hapo nakagua kila bunduki kwa kuigonga kitako kwenye kipande cha tairi, magazini ikiwa na risasi bandia.

La pili ni la siri zaidi. Chukua risasi moja ya kweli, pima urefu wake kwa kipimo cha kalipa, iweke chini kabisa ya magazini. Piga mbili za juu yake. Itoe uipime tena. Kila teke limeirusha mbele ikajigonga ukutani. Ikiwa imefupika, kichwa kinazama ndani ya ganda, na shinikizo linaweza kupanda mno. Achana na risasi za aina hiyo, tafuta ambazo mdomo wa ganda umebanwa vizuri kwenye kichwa.

Hatua ya 6: Kifyatulio na usalama

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu kazi yenyewe si yako. Kifyatulio cha bunduki ya mnyama mkubwa kivutike kwa kilo 1.5 hadi 2, kwa kukatika safi, bila kuburuta. Kipime kwa mizani ya ndoano ile ya wauza samaki: bunduki tupu, ndoano katikati ya kifyatulio, vuta taratibu usome. Kikizidi hapo au kikiwa chini ya hapo, mpe fundi. Kifyatulio chenye hatua ya kukilegeza kwa kusukuma mbele, kama kilichopo kwenye CZ nyingi, kisahau kabisa porini. Mkono unaotetemeka na kifyatulio cha unywele havikai nyumba moja.

Jaribio la usalama fanya mwenyewe, bunduki tupu. Ikoki, weka usalama, vuta kifyatulio kwa nguvu, kiachie, toa usalama. Ikifyatuka yenyewe, isiende popote ila kwa fundi. Rudia ukiipiga bolti mbele kwa kasi mara kumi, na ukigonga kitako kwenye lile tairi.

Hatua ya 7: Mti na mwili wako

Mti wa bunduki unafanya kazi mbili: kushika chuma na kukushika wewe.

Upande wa chuma, kila teke linapokelewa na kipande kidogo cha chuma chini ya mtambo kinachokaa kwenye kishimo cha mti. Kisipokaa sawasawa, mti unapasuka na risasi zinatembea. Dawa yake ni kukalisha mtambo juu ya epoksi yenye unga wa chuma, ikagandia umbo lake kamili. Kwa .416 na .458 nataka pia skrubu mbili za kukatiza mti, mbele na nyuma ya magazini. Baada ya hapo skrubu za chini zikazwe kwa spana yenye kipimo, kiasi kile kile kila mara, na kiasi hicho ukiandike. Mti wa jozi unapendeza sana, lakini ukitoka Dar es Salaam kwenye unyevu wa pwani ukafika pori kavu la Rungwa mwezi wa tisa, unanywea. Kaza tena ukifika.

Upande wa mwili, fanya hivi: bunduki tupu, funga macho, ipandishe begani kama kawaida, lala shavu, kisha fumbua macho. Unapaswa kuona katikati ya darubini au kilengeo cha mbele kimekaa ndani ya cha nyuma, bila kusogeza shingo. Ukiona duara jeusi kuizunguka picha, mti ni mrefu au mfupi kwako. Bunduki nyingi za kiwandani zimepimiwa watu warefu waliovaa makoti. Kukata sentimita mbili na kuweka mpira mzuri wa kitako kumewafaa watu wengi kuliko bunduki mpya.

Hatua ya 8: Darubini ndogo, iliyofungwa vizuri

Ukuzaji wa mara 1–4, 1–6 au 1.5–5 unatosha. Nyati anapigwa karibu, na vichakani darubini kubwa inakuonyesha manyoya tu usijue ni bega au paja. Kinachonisumbua zaidi ni nafasi ya jicho: isiwe chini ya sentimita 9. Nimefunga nyusi za watu watatu zilizopasuliwa na ukingo wa darubini, wote walikuwa wameisogeza karibu ili "waone vizuri".

Tumia vishikio vya kufungua kwa mkono, ili darubini ikivunjika uitoe ubaki na vilengeo vya chuma. Futa mafuta kwenye kila skrubu kwa spiriti, weka tone la gundi ya nyuzi za skrubu, kaza kwa zamu kama unavyokaza nati za gurudumu. Baadaye, ukiwa umeshaweka shabaha, toa darubini, irudishe, piga tatu. Zisiporudi palepale, vishikio hivyo havikufai. Na vilengeo vya chuma navyo vipigiwe shabaha, mita 40, shanga nyeupe mbele na V pana nyuma.

Hatua ya 9: Kuweka shabaha

Nenda uwanja unaoruhusiwa, wenye tuta la udongo, vaa vizibo vya masikio na miwani. Nunua risasi zote za msimu kutoka fungu moja la kiwanda, sitini hadi themanini.

Laza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, toa bolti, tazama kupitia mtutu mpaka uone alama ya mita 25 katikati ya duara. Bila kuigusa bunduki, zungusha darubini mpaka nayo iangalie hapo. Umeokoa risasi kumi. Piga moja, sahihisha, piga nyingine, mpaka .375 yako ipige katikati kwa mita 25. Sogea mita 100. Itakuwa juu kwa kama sentimita 5, na hapo iache: itashuka kurudi kwenye alama karibu na mita 180, na kati ya hapo huna haja ya hesabu yoyote. Kwa .416 na .458 za nyati tu, iwe katikati kwa mita 75.

Ujue mlio mmoja wa darubini yako, ile "tik" ya kuzungusha kirekebishio, unahamisha kiasi gani. Kama ni sentimita 1 kwa mita 100, na risasi zimekwenda kulia sentimita 6, rudisha milio sita kushoto. Kwa mita 25 mlio huo huo ni milimita mbili na nusu tu, na wengi hukosea hapo.

Matundu matatu ndani ya sentimita 5 kwa mita 100 yanatosha kabisa. Usitumie wiki mbili na fedha za karo kutafuta sentimita mbili. Ila kichwa laini na kichwa kigumu, kile cha kupenya mfupa, vipige mahali pamoja, maana utavichanganya magazini: laini kwanza, vigumu vifuate. Visipokaribiana, badilisha aina.

Mfuko wa mchanga kati ya bega na kitako unapunguza teke. Risasi kumi kwa siku zinatosha, na uache mtutu upoe. Ukianza kufumba macho kabla ya mlipuko, acha. Kufumba macho ni tabia inayojengeka kwa asubuhi moja na kukaa miezi.

Hatua ya 10: Kutoka mezani hadi porini

Baada ya hapo usirudi tena mezani. Simama, weka bunduki juu ya fimbo tatu zilizofungwa pamoja, kama utakavyofanya nyuma ya msoma nyayo, umbali wa mita 50 na 80. Piga, na bolti iende nyuma na mbele bunduki ikiwa bado begani, kabla hujatazama umepiga wapi. Nyumbani fanya hivyo kwa risasi bandia, jioni mara ishirini. Mkono uvute mpaka bolti igote. Wengi hukata njiani.

Ukifika kambini baada ya barabara ya vumbi, piga mbili kwenye boksi kabla ya yote. Mwindaji bingwa wako atakudai hilo, na ni haki yake, kwa sababu ukijeruhi ni yeye anayeingia kichakani.

Vumbi la kiangazi na mafuta mengi ni uji wa kusagia chuma. Bolti ipanguswe iwe na unyevunyevu tu. Chemba iwe kavu kabisa, maana ganda lililopakwa mafuta haling'ang'anii kuta na bolti inabeba mzigo wote. Risasi zikae kivulini, si juu ya dashibodi ya gari. Kipande cha utepe mwembamba mdomoni mwa mtutu kinazuia matope na majani, na ukipiga, hewa inayotangulia inakiondoa yenyewe.

Kila jioni, bunduki tupu, toa bolti, tazama taa kupitia mtutu. Kisha toa risasi zote magazini, uzipange kwenye taulo, uangalie pua zake na urefu wake. Ile iliyokaa chini siku nyingi ipande juu, na iliyochubuka itengwe kwa ajili ya boksi.